Upande wa Oscar

Watu wa Levolosi wakisikia kuna kikao nyumbani kwa Ludovick Jumapili, hudhani ni cha harusi. Kumbe wapi. Ni watu wazima wenye familia zao, wamekaa sebuleni kimya kama wanaosubiri matokeo ya mtihani, mmoja amefunikwa kanga usoni, hedifoni kichwani, na wengine wanamkodolea macho. Mpita njia akichungulia dirishani atasema humo ndani kuna mtu anaombewa.

Hao walikuwa wapenda sauti. Sisemi wapenda muziki, maana muziki nani asiyeupenda? Hawa walipenda sauti yenyewe, inavyokaa, inavyotokea, kama ngozi ya ngoma imekazwa au imelegea. Ilikuwa miaka ile milango ya biashara imefunguliwa, maduka ya Arusha yamejaa vitu ambavyo zamani tuliviona kwenye picha. Vyombo vilikuja kutoka Dubai, vingine kutoka Nairobi, na wageni waliomaliza mikataba yao ya kazi waliuza vya kwao kabla ya kupanda ndege. Ludovick, mwenye duka la redio na spika, alipata hedifoni yake ya kwanza ya maana kwa njia hiyo. Kesho yake akashindwa kufanya biashara, kwa sababu kila redio aliyoiwasha mbele ya mteja aliiona inakoroma. Akaanza kuwatafuta wenzake wenye ugonjwa huo, na kikao kikazaliwa.

Sheria alizitunga yeye, na katika kuzisimamia alikuwa mkali kuliko katekista. Msikilizaji anafunikwa kanga, asibabaishwe na uzuri wa chombo. Chumba kizima kimya, hata kikohozi unakimeza. Kikombe cha hedifoni cha kulia kinakaa sikio la kulia na cha kushoto sikio la kushoto, kama viatu. Wimbo ni ule ule mmoja kwa wote, maana ukisikiliza kitu tofauti na mwenzako mtalinganisha nini? Na kubwa kuliko zote: ukivua hedifoni unatamka ulichosikia papo hapo, mbele ya watu, kabla mwingine hajakaa kitini. Ukishatamka umetamka.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kwaya ya parokia ya akina Ludovick. Aliurekodi Hans, fundi wa simu, Mlutheri mwenye moyo mweupe, aliyeingia kanisani kwa Wakatoliki na maikrofoni mbili, moja akaitundika juu ya wanawake na nyingine juu ya wanaume. Rafiki yake wa Nairobi akautia kwenye sidii. Kwa hiyo ukivaa hedifoni, akina mama wanakuimbia kushoto, akiwemo Agnela mke wa Ludovick, na akina baba wanakuitikia kulia. Ubeti wa pili anaingia mtu mmoja peke yake, upande huo wa kulia. Huyo ni Oscar, mdogo wake Ludovick. Kabla hajaimba anavuta pumzi, na pumzi hiyo ndiyo ilikuwa mtihani wa kila chombo kilichoingia nyumba ile. Hedifoni hafifu haikuipata kabisa. Nzuri ilikupa pumzi. Nzuri kupita kiasi ilikupa mpaka midomo ikiachana.

Oscar alifariki mwaka uliofuata, homa ikamchukua kabla watu hawajajua kama ni homa ya kuchukua mtu. Kikaoni hawakukaa kumlilia. Walimsikia akivuta pumzi, wakatabasamu, wakaendelea kubishana. Kwa Ludovick ilikuwa kama mdogo wake amepita kumjulia hali.

Sasa sikia balaa. Binti yao Princess alitoka shule na matumbwitumbwi. Mtoto akapona haraka akarudi kuruka kamba. Baba yake naye yakamshika, mashavu yakavimba mpaka wenzake wa kikao walipokuja kumwona walishindwa kumaliza salamu kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka, kwa shida. Mashavu yakapungua, lakini sikio la kulia likabaki linavuma, na kuvuma kulipokoma hakukubaki kitu. Daktari akamweleza bila kuzunguka kwamba mshipa wa kusikia umekufa na hautarudi, ashukuru Mungu la kushoto ni zima.

Agnela alimwambia awaeleze wenzake. Akakataa katakata. Mtu mji mzima unamletea spika azisikilize kabla hawajanunua, leo atangaze kwamba ana sikio moja? Lakini tusidanganyane, duka halikuwa shida kubwa. Aliogopa kile kiti. Aliona kabisa wenzake watakavyomhurumia, watakavyomwekea mto mgongoni na kumsemesha polepole kama babu, na kikao chake mwenyewe kitakavyoendelea huku yeye akigawa soda. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo hata Agnela hakumwambia vizuri. Kusema sikio limekufa ni kusema Oscar hamsikii tena. Asiposema, basi ni kama bado.

Akaigiza mwaka mzima, na alikuwa mwigizaji hodari. Alikaa mwisho wa kochi ili watu wote wawe kushotoni kwake. Akisemeshwa upande mbovu alijifanya ana mawazo. Kitini, sikio zima lilimletea akina mama vizuri, na upande wa Oscar palikuwa kama ukuta. Pumzi hakuna. Lakini wimbo aliujua wote kwa moyo, akajua lini aitikie kwa kichwa, na akivua hedifoni alisema, Oscar yupo, au, leo Oscar yuko mbali kidogo, na watu wakakubali. Kila akisema hivyo alijisikia vibaya.

Ndipo ikafika Jumapili ya Solomoni.

Solomoni alikuwa Mwarusha kutoka magharibi ya Meru, mfugaji na mkulima, mtu wa maneno machache na masikio makubwa kwelikweli. Aliingia kikaoni kwa mkono wa Oscar, aliyekuwa bwana mifugo wa huko kwao. Siku moja, baada ya kumzalisha ng'ombe aliyekwama, Oscar alikaa kando ya zizi akamvalisha hedifoni ndogo ya kaseti kichwani, na toka siku hiyo Solomoni hakuwa mtu wa kuaminika mbele ya kitu chenye waya. Hakuwahi kuja na chombo cha maana, ingawa. Alisikiliza vya wenzake, akatamka la kwake, akarudi kwa ng'ombe.

Safari hii aliingia na kitu kimeviringishwa ndani ya shuka nyekundu, anakibeba kwa mikono miwili. Akawasalimia wote, akaketi, akakifungua mapajani. Ilikuwa hedifoni ya Kijerumani, ile ambayo Hans alikuwa na picha yake tu, ameikata kwenye gazeti la kigeni akaibandika juu ya meza yake ya kazi. Vikombe vyake nje vilikuwa na wavu wa chuma, ukiangalia unaona mpaka ndani, na mito ya masikio laini kama shavu la mtoto. Mgeni mmoja alikuwa anarudi kwao. Solomoni aliuza fahali.

Si fahali hivi hivi, bali yule mweusi ambaye majirani walikuwa wanampigia mahesabu kila mmoja kwa ajili ya majike yake. Kijiji kizima kilimwona ameingiwa na wazimu. Hata mkewe Nashipae alimuuliza kitu hicho kitazaa nini. Solomoni akamvalisha tu kichwani, na alivyosimulia ni kwamba Nashipae alikaa nayo jioni nzima na loshoro ya mahindi na maziwa ikapoa kwenye chungu, wala hakuuliza tena.

Wakacheka. Anande, mwalimu wa sekondari aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote kikaoni, akasema kama ni hivyo basi na yeye anatafuta mume mwenye fahali. Agnela akaleta kanga. Solomoni hakumruhusu mtu mwingine aguse waya. Alichomeka pini kwenye amplifaya mwenyewe, taratibu, kwa woga, kama mtu anayemwekea ndama chupa mdomoni. Kisha akamtazama Ludovick.

"Mwenyekiti aanze," akasema. "Nimeuza mnyama, nataka kusikia kwa mtu anayejua."

Ludovick akakaa. Kanga ikashuka usoni, mito ikakaa masikioni, na akina mama wakaanza kuimba. Jamani, ilikuwa nzuri. Hata kwa nusu yake ilikuwa nzuri. Alisikia kila mwanamke na mahali aliposimama, alimsikia Agnela akichelewa kidogo kama kawaida yake. Ubeti wa pili ukafika. Hakusikia kitu upande wa pili, lakini yeye na kutosikia kitu walishazoeana. Akahesabu moyoni, akaitikia kwa kichwa pale pumzi inapopaswa kuwa, akaongeza na tabasamu kwa sababu alimpenda Solomoni na alitaka afurahi. Akavua.

Akatamka kama sheria inavyotaka. Akasema hajawahi kusikia chombo kama hiki. Akasema pande zote mbili zimekaa sawasawa, hakuna unaouzidi mwingine. Na Oscar, akasema, Oscar amevuta pumzi mpaka nimesikia midomo ikiachana. Solomoni akainamisha kichwa, akajifuta uso na kiganja, mtu mzima yule, na kila mmoja akaona furaha yake.

Akakaa Anande. Hakumaliza ubeti wa pili.

"Upande wa kulia umekufa," akasema, anaitoa kanga. "Wanaume hawapo kabisa. Oscar hayupo."

Uso wa Solomoni ulishuka. Fahali alishakwenda, yuko kwenye zizi la mtu mwingine huko Terrat, na hapa anaambiwa amenunua nusu kitu. Hans akapiga magoti mbele ya amplifaya, akafuata waya kwa vidole, akaishika ile pini na kuisukuma. Ikaingia ndani zaidi, ta. Solomoni kwa kuogopa kuivunja alikuwa ameiacha njiani, na pini ikiachwa njiani inapitisha upande mmoja. Anande akavaa tena, safari hii akakaa muda mrefu, na alipovua macho yalikuwa yanang'aa. Akasema yupo. Akasema yupo karibu mno, mtu anatamani kumpisha akae.

Hapo watu wangepiga makofi, na wawili watatu walianza. Solomoni hakupiga. Alikuwa anafikiri, na ukimwona Solomoni anafikiri ni vizuri uogope. Alimgeukia Ludovick.

"Wewe ulikaa hapo upande mmoja umekufa," akasema, "ukaniambia zote mbili ziko sawa. Ukaniambia umesikia midomo ya Oscar."

Ludovick akafungua mdomo, Solomoni akamtangulia.

"Umenivika kilemba cha ukoka, Ludovick, mbele za watu. Kama unaona mtu wa ng'ombe hawezi kuwa na kitu cha kusikilizwa, ungesema tu. Na jina la Oscar ungeliacha. Huyo hakuwahi kunidanganya."

Akachomoa pini, akatandaza shuka mapajani, akaanza kuiviringisha hedifoni. Hakuwa na haraka wala kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Hans alijaribu kusema jambo la kupoza, likaishia njiani. Anande akawa anaangalia sakafu. Ludovick alijua kabisa njia ilipo ya kujiokoa. Angeweza kusema alipitiwa, angeweza kusema alikuwa anamtania, wangemsamehe baada ya soda mbili, na kiti chake kingebaki. Ila Solomoni asingerudi. Angekwenda zake na fahali aliyeuzwa na jeraha la kudhani kwamba alichekwa.

Alimtazama Agnela mlangoni. Agnela hakumsaidia hata kwa uso.

"Solomoni," akasema, "sikio langu la kulia limekufa. Toka yale matumbwitumbwi. Sisikii kitu huku, hata ukinipigia risasi. Sikukuvika kilemba. Kwangu mimi ndivyo wimbo ulivyo siku zote sasa."

Mikono ya Solomoni ikasimama juu ya shuka.

Ludovick akaona bora amalize yote, maana ukishaanza kuvua nguo mtoni huwezi kusimama katikati. Akasema mwaka mzima amewadanganya, kila Jumapili, kila chombo. Akasema yuko tayari kuwaachia kiti, mwenyekiti kiziwi ni kichekesho cha mji.

Solomoni hakuuliza habari ya kiti.

"Kwa hiyo Oscar?" akauliza.

"Simsikii. Mwaka mzima simsikii."

Sijui wewe ungefanya nini. Anande alianza kulia waziwazi, Hans akavua miwani akaipangusa na shati ingawa ilikuwa safi. Ndiyo ile huruma yenyewe aliyoiogopa, imefika, na Ludovick akajiandaa kuletewa mto. Solomoni badala yake akaifungua tena shuka. Akasimama, akamshika Ludovick bega, akamsukuma kitini bila adabu hata kidogo. Pini akaisukuma mpaka mwisho. Akaishika hedifoni mbele ya uso wake, akaitazama, kisha akaigeuza, kikombe cha kulia kikaja kushoto, akamvalisha hivyo hivyo, kanga ikashuka tena usoni.

Ludovick, mnaweza kuamini, alitaka kubisha. Mdomo ulishafunguka kusema imevaliwa vibaya. Mtu ameuza na kutengeneza vyombo miaka na miaka, amewafundisha wenzake kwamba kulia ni kulia na kushoto ni kushoto, na mwaka mzima huo, hata akiwa peke yake nyumbani mlango umefungwa, haikumpitia akilini kuigeuza. Hapo ndipo ujuzi unapomfikisha mtu. Hans, Mungu amsamehe, baadaye alikiri kwamba naye asingewaza.

Wimbo ukaanza. Wanaume wakaingia sikioni mwake, wazito, wengi, akawatambua mmoja mmoja, mpaka mmoja aliyekuwa akiimba kwa pua. Akashika mikono ya kiti. Ubeti wa pili ukafika, na Oscar akavuta pumzi.

Aliivuta karibu kabisa. Ludovick alisikia meno, alisikia mate kidogo, alisikia ule uzembe wa mdogo wake wa kuchelewa kufungua mdomo mpaka noti ikawa karibu kumpita. Halafu Oscar akaimba. Ludovick akalia na kucheka kwa pamoja, chini ya kanga, mabega yanaruka, na hakuna aliyejua ashike lipi.

Wimbo ulipoisha hakuvua. Aliomba urudiwe. Ukarudiwa, akaomba tena. Mara ya tatu Agnela akaja mpaka mbele ya kiti, mikono kiunoni.

"Baba Princess," akasema, "na sisi wanawake umetupeleka wapi?"

Kweli bwana. Kwa kugeuza vile, akina mama wote walikuwa wamehamia sikio lililokufa. Amempata mdogo wake, amempoteza mke. Anande akaanza kucheka huku machozi bado yako mashavuni, na Hans akaanza kueleza jinsi atakavyounganisha nyaya mbili kwa risasi ya kulehemu ili pande zote zije sikio moja, kazi ya wiki ijayo, akamwomba Solomoni asitishike, hataigusa hedifoni yake, atatengeneza kipande cha waya pembeni. Agnela hakusubiri wiki ijayo. Wavu ule wa chuma kwenye vikombe ulikuwa unaruhusu sauti ya chumbani kupita, yeye aliliona hilo kwa sababu mumewe alikuwa amemsikia vizuri akiuliza swali. Akasogea kushotoni kwake, karibu, akamwambia Hans aanze mwanzo. Akaimba sehemu ya wanawake.

Aliimba kama anavyoimba kanisani, kwa kuchelewa kidogo. Anande, ambaye hakuwa hata wa dhehebu hilo, alishausikia wimbo huo mara nyingi kuliko wanakwaya wenyewe, akashika sauti ya juu. Hans akajiunga nao kwa sauti nyembamba ya kuazima, mishipa ya shingo imemtoka. Solomoni akaimba bila maneno, kwa koo, chini, kitu cha kwao, na ajabu ni kwamba kilikaa mahali pake. Princess alikuja kutoka uani kuona kulikoni, akabaki mlangoni ameshika mdomo, wala hakuna aliyemfukuza wala aliyemkumbusha mtu sheria ya kimya.

Chini ya kanga Ludovick aliwasikia wote. Oscar kutoka kwenye sidii na Agnela kutoka hewani, kwaya nzima imejipanga ndani ya sikio moja, na palikuwa na nafasi ya kutosha. Ulipofika ubeti wa pili alivuta pumzi pamoja na mdogo wake na kuimba, kwa nguvu, bila kujisikia, kama mtu yeyote aliyevaa hedifoni anavyoimba, yaani vibaya sana. Majirani walisikia mpaka barabarani.

Wimbo ukaisha. Hans, akihema, akataka kufuata utaratibu, akamwomba mwenyekiti atamke alichosikia. Ludovick akaondoa kanga usoni, hedifoni akaiacha ilipo. Akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaishia kwa Solomoni.

"Sijamaliza kusikiliza," akasema. "Rudieni."